Mara Ina Maji, Bingwa Wake Alikimbia

Tarehe 1 Agosti 1980, katika Uwanja wa Lenin jijini Moscow, Suleiman Nyambui alishika nafasi ya pili katika fainali ya Olimpiki ya mita 5,000 kwa muda wa dakika 13 na sekunde 21.60. Aliyemtangulia ni Miruts Yifter wa Ethiopia, na pengo baina yao halikufika hata sekunde moja. Siku moja kabla, Filbert Bayi alikuwa ameshatwaa fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kuleta nyumbani kutoka Olimpiki, na moja ni ya mtoto wa Majita, kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria, mkoani Mara. Kila mara jina la Nyambui linapotajwa, masimulizi huanzia Moscow na kuishia Moscow. Kwa maoni yangu huko ni kuanza hadithi mwishoni. Miaka iliyomjenga aliitumia El Paso, Texas, akiwa mwanafunzi, na mtu akiitazama vizuri miaka hiyo atapata jibu la swali ambalo mkoa wa Mara haujajiuliza vya kutosha: kwa nini mkoa wenye ziwa na mto umetoa bingwa wa vyuo katika mbio, na hadi leo haujatoa hata mmoja katika kuogelea?

Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba bingwa wa chuo, awe mkimbiaji au mwogeleaji wa mtindo huru, hutengenezwa na mnyororo wa taasisi. Pawepo shule inayowashindanisha watoto, pawepo mtu anayeshika saa na kuandika muda, pawepo chuo kinachosomesha na kufundisha mchezo kwa wakati mmoja. Maji, milima na damu huja baadaye. Penye mnyororo huo jangwa hutoa waogeleaji, na pasipo nao ziwa hutoa samaki na vyombo vya usafiri tu. Naandika nikiwafikiria zaidi wasomaji wa Tarime na Serengeti, kwa sababu wilaya hizo mbili zina vijana wengi na zimezoea kusikia kwamba vipaji vimejaa kwao. Vipaji vimejaa kila mahali.

Tuanze na maji yenyewe. Ziwa Victoria lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, na hakuna ziwa la maji baridi Afrika linalolizidi. Mto Mara unatoka milima ya Mau nchini Kenya, unapita kwenye hifadhi za wanyama za nchi zote mbili, unateremka baina ya Tarime na Serengeti, unatanda kwenye vinamasi vikubwa kisha unaingia ziwani karibu na Musoma. Ni kweli kwamba tangu Rorya ilipomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, Tarime ya leo haina tena ufukwe wa ziwa, na Serengeti haijawahi kuwa nao. Lakini mto wanao, na waogeleaji wake wanaojulikana dunia nzima ni nyumbu. Kila mwaka watalii hufika Kogatende, kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti, kuwatazama wanyama hao wakivuka mto huku mamba wakiwasubiri. Hoteli za kitalii ndani na pembezoni mwa hifadhi zina mabwawa ya kuogelea yenye maji safi, na wanaoogelea humo ni wageni. Kwa mtoto wa Mugumu au Nyamwaga, maji ni kitu cha kuchota, cha kunywesha ng'ombe, au cha kuogopa. Mtoto huyo hana kasoro yoyote. Hajapewa tu mahali pa kujifunzia.

Turudi sasa El Paso. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko katika mji huo, ambacho watu wa riadha hukiita kwa herufi zake UTEP, kilikuwa na mazoea ya kutafuta wachezaji mahali ambapo wengine hawakutaka kutazama. Mwaka 1966, kikiitwa bado Texas Western, kilitwaa ubingwa wa vyuo wa mpira wa kikapu kikiwa na wachezaji watano weusi walioanza mchezo, jambo lililoishtua Marekani ya wakati ule. Katika miaka ya 1970 kocha Ted Banks aliielekeza timu yake ya riadha Afrika Mashariki na Kusini. Walikuja Wakenya, Watanzania na wengine, na UTEP ikawa chuo cha kuogopwa: ilitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo mwaka 1975 na 1976, kisha mfululizo kuanzia 1978 hadi 1981. Katika ubingwa wa mwaka 1981 timu hiyo ilipata pointi 17, wakati alama bora kabisa inayowezekana katika mbio za nyika ni 15. Watanzania katika kundi hilo hawakuwa wapambe. Pamoja na Nyambui walikuwepo Gidamis Shahanga, ambaye alikuwa ameshashinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, na Zakaria Barie. Mwaka 1982 kule Brisbane, Shahanga na Barie walitwaa dhahabu na fedha ya mita 10,000 ya Jumuiya ya Madola. Wawili kutoka chuo kimoja, wakiwa wamevaa jezi ya taifa moja.

Rekodi ya Nyambui mwenyewe chuoni ni ya kustaajabisha, na inastahili kujulikana Mara kuliko inavyojulikana. Alishinda mita 10,000 katika ubingwa wa vyuo vya Marekani mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Katika miaka mitatu ya mwisho kati ya hiyo aliongeza na mita 5,000, hivyo akawa anashinda mbio mbili ndefu katika mashindano yale yale, ndani ya siku chache, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1980 alikuwa bingwa wa vyuo wa mbio za nyika kwa mtu mmoja mmoja. Februari 1981, katika mashindano ya Millrose jijini New York, alikimbia mita 5,000 ndani ya ukumbi kwa 13:20.4, muda ambao haukuwahi kufikiwa na mtu yeyote duniani chini ya paa. Baada ya chuo alihamia barabarani, akashinda Marathoni ya Berlin mwaka 1987 na tena mwaka 1988. Ukizipanga tarehe hizo utaona kuwa medali ya Moscow iko katikati ya mafanikio ya chuo. Alikwenda Olimpiki akiwa ameshashinda ubingwa wa vyuo mwaka mmoja kabla na mwaka ule ule, akarudi darasani, akaendelea kushinda.

Kuna jambo moja katika mwaka huo ambalo ni vigumu kulipita bila kulitaja. Marekani ilisusia Michezo ya Moscow, na Rais Jimmy Carter alimtuma bondia Muhammad Ali Afrika kuziomba nchi zetu zisusie pia. Alifika Dar es Salaam Februari 1980, na Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, hakukubali kumpokea. Kenya ilisusia, Tanzania ikaenda. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo cha Marekani alipata medali katika michezo ambayo Wamarekani waliokuwa wakikimbia naye hawakuruhusiwa kuhudhuria, kwa sababu mtu mwingine wa Mara alikataa kuamriwa. Miaka minne nyuma mambo yalikuwa kinyume: Tanzania iliisusia Montreal kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya makaburu, na kizazi kizima cha wanariadha wetu kikapoteza nafasi. Serikali ina uwezo wa kumfungulia au kumfungia mwanariadha mlango wa Olimpiki, ambayo ni mashindano ya mara moja kwa miaka minne. Chuo kilimpa Nyambui mashindano msimu baada ya msimu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la mwinuko. Itasemwa kwamba watu wa nyanda za juu wamezaliwa na mapafu ya kukimbilia, na kwamba chuo kilimchukua mtu aliyekwisha kuwa tayari. Mwinuko unasaidia, sikatai. Lakini tazama namba. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. El Paso iko karibu mita 1,140. Mtoto wa Majita alivuka bahari akafikia mji wenye mwinuko ule ule wa kwao, kwa hiyo hewa haiwezi kuwa ndiyo iliyobadilika. Kilichobadilika ni kwamba asubuhi alikuwa na kocha, mchana alikuwa na darasa, jioni alikuwa na kundi la watu wenye kasi kama yake wa kukimbia nao, na mwisho wa wiki alikuwa na mashindano. Tena, kama mwinuko ungekuwa ndio mwamuzi, Tarime iliyoinuka juu zaidi ya Majita ndiyo ingepaswa kutangulia kutoa medali. Hilo halijatokea, wala mtu hawezi kusema milima ya Tarime ni mifupi mno.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, unatoka kwenye maji. Magharibi ya El Paso, katika jangwa jingine, uko mji wa Tucson na Chuo Kikuu cha Arizona. Hakuna ziwa pale la kufananisha na letu, wala bahari. Agosti 2004, katika Olimpiki ya Athens, Afrika Kusini ilishinda dhahabu ya kupokezana mita 100 mara nne kwa mtindo huru, ikaweka rekodi ya dunia ya 3:13.17, mbele ya Uholanzi na Marekani. Waogeleaji wake walikuwa Roland Schoeman, Lyndon Ferns, Darian Townsend na Ryk Neethling. Schoeman, Ferns na Neethling walikuwa zao la Arizona, na Neethling alikuwa bingwa wa vyuo mara kadhaa katika mtindo huru kabla ya siku ile. Ushindi mkubwa kuliko wote ambao timu ya Afrika imewahi kupata kwa mtindo huru ulipikwa jangwani, katika bwawa la chuo. Baadaye kidogo, Mkenya David Dunford, mwogeleaji wa mtindo huru wa mbio fupi, alikwenda chuo hicho hicho, na akaiwakilisha Kenya Beijing 2008 na London 2012.

Kaka yake, Jason Dunford, alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, California, na ndiye aliyefungua macho ya Afrika Mashariki. Beijing, katika mchujo wa mita 100 za mtindo wa kipepeo, aliogelea kwa sekunde 51.14 na kuivunja rekodi ya Olimpiki. Haikudumu, kwani Milorad Čavić wa Serbia aliivunja katika mchujo uliofuata, lakini Dunford aliingia fainali na kumaliza wa tano, katika mbio ile ile ambayo Michael Phelps alimshinda Čavić kwa mia moja ya sekunde. Mwaka 2010 mjini Delhi aliipa Kenya dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mita 50, na mwaka 2012 aliibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa Michezo ya London. Ndugu hawa wamezaliwa Nairobi, mji usio na ziwa la kuogelea. Ulichokuwa nacho Nairobi ni mabwawa ya shule na vilabu, na bwawa la mita 50 lililojengwa Kasarani kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Umbali kutoka Kasarani hadi maji ya Musoma ni mamia ya kilomita, na bado ni Kasarani, si Musoma, yenye jina katika mchezo huu.

Sababu yake si fumbo kwa mtu anayejua mtindo huru ni nini. Kanuni inamruhusu mwogeleaji kutumia staili yoyote, na wote huchagua ile ya kulala kifudifudi, mikono ikizunguka kwa zamu na miguu ikipiga maji, kwa sababu hakuna iliyo ya haraka zaidi. Kinachoamua ushindi ni mambo madogo yanayopimika: idadi ya mikono kwa kila urefu wa bwawa, pembe ya kiwiko chini ya maji, namna ya kuvuta pumzi bila kunyanyua kichwa, na zaidi ya yote namna ya kugeuka ukutani na kujisukuma. Katika vyuo vya Marekani mashindano hufanyika kwenye mabwawa ya yadi 25, yaani chini kidogo ya mita 23, hivyo mwogeleaji wa yadi 500 hugeuka mara 19. Ziwa halina ukuta wa kugeukia, halina mstari mweusi sakafuni wa kumwongoza mtu anyooke, na urefu wake haupimwi. Mto Mara una mkondo na mamba. Ziwani kuna kichocho. Mtoto wa ufukweni anaweza kuwa jasiri wa maji kuliko watoto wote wa mjini na bado asiwe na hata sekunde moja iliyoandikwa kwenye karatasi. Oussama Mellouli wa Tunisia, aliyesoma Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alishinda kilomita 10 za maji ya wazi London 2012, ndani ya ziwa la bustani ya Hyde Park. Lakini aliingia kwenye ziwa lile akiwa bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 za mtindo huru, taji alilolipata Beijing kwa dakika 14 na sekunde 40.84. Bwawa lilimfundisha, ziwa likampa dhahabu ya pili.

Hapa ndipo linapojitokeza pingamizi la mwili: kwamba Mwafrika mweusi ana mifupa mizito, anazama, na kuogelea si mchezo wake. Maneno haya bado yanarudiwa hata na watu waliosoma, na yanastahili kujibiwa kwa uzito. Anthony Nesty, mtu mweusi wa Suriname, nchi ndogo iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50, alimshinda Mmarekani Matt Biondi kwa mia moja ya sekunde katika mita 100 za kipepeo, Seoul 1988. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Florida na kuwa bingwa wa vyuo. Cullen Jones wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, ambaye utotoni alinusurika kufa maji kwenye bustani ya michezo ya maji, alikuwa bingwa wa vyuo wa yadi 50 mtindo huru mwaka 2006, na mwaka 2008 akawa mmoja wa waliotwaa dhahabu ya Olimpiki ya kupokezana. Simone Manuel wa Stanford alishinda mita 100 za mtindo huru Rio 2016, sare na Penny Oleksiak wa Kanada. Mifupa yao ilikuwa ile ile ya mababu zetu.

Na ukirudi nyuma zaidi, historia inalifuta kabisa dai hilo. Waingereza walipowaona Wahindi Wekundu wawili wakiogelea kwa kurusha mikono juu ya maji, London mwaka 1844, waliona ni fujo isiyo ya kistaarabu, wakaendelea na mtindo wao wa chura kwa miaka mingi. Staili ya kisasa iliwaingia kupitia watu wa nje ya Ulaya, akiwemo kijana wa Visiwa vya Solomon, Alick Wickham, aliyekuwa akiogelea Sydney mwishoni mwa karne ya 19. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu utamaduni wa maji wa watu wenye asili ya Afrika, ameonyesha kwa nyaraka za mabaharia kwamba Waafrika wa pwani ya magharibi waliogelea kwa mikono ya kupokezana na kuwapita Wazungu kwa mbali, karne kadhaa kabla ya kuwepo mashindano yoyote. Mtindo huru haukubuniwa na chuo wala na mzungu. Chuo kiliupima tu, kikaupangia ratiba na kuutolea ufadhili.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo ni Filbert Bayi mwenyewe. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, Bayi aliongoza mita 1,500 kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia kwa 3:32.2, bila kuwahi kukaa katika darasa la chuo cha Marekani. Yifter naye hakupitia huko. Kama ni hivyo, chuo cha nini? Jibu ni kwamba Bayi alikuwa na jeshi, na Yifter alikuwa na jeshi la anga la Ethiopia. Jeshi lilimpa mwanariadha chakula, mshahara, muda wa mazoezi na kambi. Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025, naye ni askari. Kwa hiyo mfano wa Bayi hauivunji hoja, unaipanua: taasisi inaweza kuwa ya kijeshi. Watu wa Tarime wanalielewa hili kuliko wengi, maana vijana wa Kikurya wamelijaza jeshi tangu enzi za jeshi la kikoloni la KAR. Tofauti iko katika kile kinachobaki miguu ikichoka. Bayi mwenyewe baadaye alikwenda kusoma UTEP, akarudi, na leo jina lake liko kwenye shule alizozianzisha huko Mkuza, Kibaha. Mtu aliyekuwa ameshavunja rekodi ya dunia aliona bado kuna kitu cha kukifuata chuoni, na uamuzi wake huo nauhesabu kuwa ushahidi.

Wako watakaosema kuwa vyuo hivi viliwatumia vijana wetu kama vibarua wa kushinda vikombe. Shutuma hii ina ukweli ndani yake. Chuo kilipata mataji, matangazo na heshima, na mwanariadha hakuruhusiwa kupokea malipo. Wamarekani nao walilalamika kutoka upande wa pili: kwamba Nyambui, aliyezaliwa mwaka 1953, alikuwa na miaka 29 aliposhinda mataji yake ya mwisho ya chuo, akipambana na vijana wa miaka 19. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliwahi kuwa na kanuni iliyowabana wageni peke yao, mahakama ikaitupa katika kesi iliyofunguliwa na Chuo Kikuu cha Howard, uamuzi wa rufaa ukitoka mwaka 1975. Baadaye zikawekwa kanuni za kuhesabu miaka ya mashindano aliyoshiriki mwanamichezo akiwa ameshavuka umri fulani, na kanuni hizo zinamhusu kila mtu. Naona lawama ya umri ilikuwa ya haki kimichezo, na kwetu ina funzo la vitendo: njia aliyopita Nyambui akiwa mtu mzima imefungwa, na sasa mtoto lazima aonekane akiwa bado sekondari. Ama kuhusu kutumiwa, pima kilichorudi. Nyambui alirejea, akafundisha, akawa katibu mkuu wa chama cha riadha cha taifa. Kirsty Coventry wa Zimbabwe aliyeogelea kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Auburn, akashinda medali saba za Olimpiki, alikuwa waziri wa michezo wa nchi yake na tangu 2025 ni rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Bei ilikuwepo, lakini biashara haikuwa ya upande mmoja.

Linabaki pingamizi la umaskini, ambalo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Utajengaje bwawa la kuogelea mahali ambapo shule haina maji ya kunywa? Sitajaribu kulikwepa. Maji ya bomba yatangulie, vyoo vitangulie, madarasa yatangulie. Lakini mambo mawili yanafaa kuwekwa mezani. La kwanza, kujua kuogelea katika mkoa huu si anasa. Katika ziwa hili meli ya MV Bukoba ilizama Mei 1996, kivuko cha MV Nyerere kikazama Septemba 2018 karibu na Ukara, na baina ya majanga hayo wavuvi na watoto wamekufa maji bila kuandikwa popote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu 236,000 walikufa maji duniani, wengi wao katika nchi zisizo na utajiri. La pili, mbio hazihitaji bwawa. Kiwanja cha nyasi cha mita 400, kilichopimwa kwa kamba na kuchorwa kwa chokaa, hugharimu siku chache za kazi. Kwa hiyo mpangilio wa busara kwa Tarime na Serengeti ni kuanza na kile ambacho Mara imeshathibitisha, kisha bwawa moja la mita 25, mahali penye maji ya uhakika, litakalohudumia shule nyingi. Halmashauri ya Tarime ina mgodi wa dhahabu wa North Mara ndani ya mipaka yake, na Serengeti ina utalii. Mapato hayo hujenga zahanati na madarasa, na ni sawa yajenge hayo kwanza, lakini sioni kwa nini watoto wa michezo wasiwemo hata mara moja katika orodha.

Tanzania imekuwa ikipeleka waogeleaji wa mtindo huru Olimpiki: Magdalena Moshi London na Rio, Hilal Hemed Hilal Rio, Collins Saliboko na Sophia Latiff Paris 2024. Kwa miaka mingi mashindano ya taifa yamefanyika Dar es Salaam katika mabwawa ya mita 25 ya shule za kimataifa, na mchezo umebaki wa watoto ambao wazazi wao wanaweza kulipia bwawa. Kwa hiyo hata ndani ya nchi yetu ramani ya waogeleaji haifuati maji, inafuata shule. Mbio nazo zimekuwa na jeraha lake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha michezo ya shule kwa miaka kadhaa kabla ya kuirudisha, yaani UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, na kizazi kilichopita shuleni wakati huo hakina namna ya kurudishiwa nafasi yake.

Kocha wa chuo cha Marekani hatafuti hadithi za kipaji. Anatafuta muda, umri wa kweli na cheti cha kidato cha nne au cha sita chenye Kiingereza cha kutosha, na siku hizi anavipata vyote kwa kompyuta bila kutoka ofisini. Nafasi zenyewe zinapungua: tangu Juni 2025, mahakama ilipoidhinisha makubaliano kati ya NCAA na wanamichezo waliokishitaki chama hicho, vyuo vinavyoshiriki mpango huo vimewekewa kikomo cha idadi ya wachezaji kwa kila timu, na kuogelea na riadha zimeguswa moja kwa moja. Mashindano ya wilaya yanayoandika nani alikuwa wa kwanza na nani wa pili, bila kuandika dakika na sekunde, yanamwacha msichana wa Nyamongo aliyeshinda mita 3,000 bila kitu cha kumwonyesha mtu yeyote nje ya wilaya yake. Saa nne za kupimia, kiwanja chenye vipimo sahihi, na mwalimu mmoja katika kila tarafa anayetunza daftari la muda na kulituma kwa chama cha riadha cha mkoa, ni gharama ambayo halmashauri zote mbili zinaweza kuibeba kabla ya UMISSETA ijayo.